Tiba Ianzie Kwenye Kazi

Mnamo mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya mafundi na watenda kazi wa kila namna, na humo akawanasihi matabibu wenziwe kwamba, baada ya kumuuliza mgonjwa anaumwa nini na tangu lini, wasisahau kumuuliza jambo moja zaidi: kazi yake ni ipi. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na katika zahanati zetu za Kitale na Bungoma aghalabu swali hilo bado haliulizwi. Hamali huja na mgongo unaomtesa, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Mwanamke apuliziaye dawa shambani huja na kichwa kinachomwanga, akapimwa malaria. Mlinzi wa usiku huja hana usingizi wala hamu ya chakula, akaambiwa apumzike, naye jioni ile ile yuko langoni na rungu lake. Kila mmoja hurudi kule kule alikoyapatia maradhi, akayakuta yanamngoja.

Siyasemi haya kwa kuwalaumu matabibu, ambao foleni zao ni ndefu na muda wao ni mfinyu. Maneno yangu nawaelekezea wenye mashamba, wenye maghala, wenye vinu na manyapara wao, kwa kuwa siha ya mtenda kazi huwa mikononi mwao muda mrefu kabla haijafika mikononi mwa daktari. Wengi wao ni watu wenye huruma. Mtu akiumia humpeleka hospitali kwa gari lao wenyewe, humlipia dawa, na msibani huchanga bila ya kuombwa. Wako hata wanaowapa vibarua pakiti ya maziwa kila jioni baada ya kupulizia dawa au kushinda katika vumbi, kwa itikadi iliyoenea kwamba maziwa huosha sumu mwilini. Na maziwa ni chakula chema, mtu asinyimwe, lakini hayaondoi sumu iliyokwisha kupenya ngozi wala vumbi lililokwisha kutua mapafuni. Ihsani zote hizi zina taksiri moja, nayo ni kwamba huja nyuma ya madhara. Ushauri wangu ni kwamba kazi yenyewe itengenezwe kwanza, kabla ya kumtibu, kumvisha au kumkaripia mtu anayeifanya.

Tuanze na gunia, maana Kitale umekuwa mji wa nafaka tangu reli ilipoufikia mwaka 1926, na hapo ndipo yalipo makao ya Kenya Seed Company iliyoasisiwa mwaka 1956. Mahindi yanapokauka, kuanzia Oktoba na kuendelea, barabara za Trans-Nzoia hujaa malori, na gunia la kilo 90 husafiri kutoka shambani hadi ghalani likihama bega kwa bega. Wataalamu wa Marekani waliochunguza habari za kunyanyua mizigo wameweka kilo 23 kuwa kikomo, na hicho ni kikomo cha mzigo ulio karibu na mwili, wenye pa kushikia, unaoinuliwa bila ya mtu kujipinda. Gunia letu ni karibu mara nne ya hapo, na halina pa kushikia. Fauka ya hayo, hamali hulipwa kwa idadi ya magunia aliyoyapakia, kwa hiyo hukimbia, na akimbiaye na mzigo huo juu ya ubao mwembamba ulioegemezwa kwenye lori hapewi nafasi ya kuteleza mara mbili.

Mwenye ghala atajibu kwamba gunia ni kipimo cha soko, naye hakulitunga yeye. Naam, bei hutajwa kwa gunia la kilo 90, lakini mizani hupima kilo, haihesabu mifuko. Mifuko miwili ya kilo 45 ni zile zile kilo 90, na karani ataandika vile vile alivyozoea kuandika. Kilo 45 bado ni nzito, sikatai, ila ni mzigo ambao watu wawili wanaweza kuuinua kwa staha, na mfuko wa ziada haumfilisi mtu. Asiyeweza kubadili mfuko na ajenge jukwaa la matofali au la mbao lenye kimo cha sakafu ya lori, ili mzigo usukumwe badala ya kupandishwa. Na kama jukwaa nalo limemshinda, basi anunue kigari cha magurudumu mawili, aupanue ule ubao na kuupigilia vipingo vya kuzuia mguu. Katika hayo yote jukwaa ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu likishajengwa halihitaji mtu wa kulikumbuka.

Baada ya gunia, mashine ya kupukuchua. Hii huzungushwa na trekta, na baina ya trekta na mashine kuna chuma kirefu ambacho kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa katika sekunde moja. Sasa fikiri, msomaji: Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, alfajiri za Novemba ni za baridi, na kibarua huja kazini amevaa kabuti, amejifunga skafu, na akiwa mwanamke amejitanda leso. Ncha ya kitambaa ikinaswa na chuma kile, nguo yote huvutwa na mwenye nguo pamoja nayo, kabla mwenye trekta hajageuza shingo. Trekta na mashine hizi zikiwa mpya huja na kifuniko cha chuma hicho. Kifuniko huvunjika, hutupwa, na msimu unaofuata hakuna akumbukaye kwamba kilikuwako. Kirudishwe. Kisiporudishwa mashine isiwashwe, hata kama mvua inanukia na mahindi yako juu ya turubai.

Liko na jambo la kuziba. Magunzi yakikwama, kijana mwepesi huingiza mkono kuyachopoa huku injini inanguruma, na mara tisini na tisa hufaulu, akasifiwa kwa wepesi wake. Kanuni iwe kwamba hauingii mkono wa mtu ndani ya mashine mpaka injini imezimwa na ufunguo wake umo mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, si mfukoni mwa dereva wala mwa tajiri. Tena, kwa kuwa mashine nyingi ni za kukodi na mwenyewe hutaka kumaliza shamba hili usiku huu ili alfajiri awe kwa jirani, kazi hushurutishwa iendelee kwa mwanga wa tochi, na watu waliokwisha kuchoka tangu alasiri. Mahindi yaliyosalia na yangoje asubuhi.

Ndani ya ghala adui ni wa namna nyingine, maana haonekani wala hapigi kelele. Vumbi la mahindi, na zaidi la mahindi yaliyovunda, huingia mapafuni likaleta kikohozi, kubanwa na kifua, na homa ya jioni ambayo kesho yake hutulia kidogo, hata mgonjwa akadhani amepona. Milango miwili inayokabiliana ikifunguliwa upepo hupita. Sakafu ikinyunyiziwa maji kidogo pasipo nafaka na kufagiwa polepole, vumbi halipandi. Na anayepepeta akisimama upande unakotoka upepo, amekwisha kujikinga zaidi kuliko kitambaa chochote atakachojifunga puani.

Lakini hatari ya ghala inayonitia hofu kuliko zote ni vile vidonge vya kufukizia wadudu, ambavyo baadhi ya watu huvinunua dukani kama wanunuavyo sabuni. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo ni nzito kuliko hewa, hushuka chini, hupenya nyufa za ukuta wa mbao, na haina dawa ya kuipinga ikishamwingia mtu. Daktari hubaki kushikilia pumzi na moyo, akitumai. Harufu yake, ya vitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, isiaminiwe, kwa sababu gesi inaweza kufika kiasi cha kudhuru kabla pua haijaitambua. Basi ole wao wanaoweka mahindi na vidonge vyake katika chumba wanacholala, au katika chumba cha pili ambacho ukuta wake hauifiki dari. Na wewe mwenye ghala, uliza leo mlinzi wako hulala wapi. Wakati wa mavuno wezi ni wengi, naye hutandika gunia pembeni mwa marundo ili ayalinde vizuri, chini kabisa, mahali ambapo gesi hutua. Ghala likifukizwa lifungwe kwa kufuli, libandikwe ilani kwa lugha inayosomwa na wote, na siku zilizoandikwa kwenye mkebe zikitimia lifunguliwe na kupewa hewa ya kutosha kabla mtu hajaingia. Mlinzi na ajengewe kibanda mbali nalo.

Ukiteremka kutoka Kitale kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ukaelekea Bungoma, jua huongezeka makali, mahindi huanza kuchanganyika na miwa, na hatari nayo hugeuka sura. Miwa imekuwa maisha ya watu wengi huku tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga mwaka 1978, na mkata miwa ni mtu ambaye huinama na kuinuka na panga kutwa nzima, penye joto lisilo na upepo kwa kuwa miwa yenyewe huuzuia. Katika nchi za Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nicaragua, matabibu waliona wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wakifa kwa figo. Na ijapokuwa wanazuoni bado wanabishana juu ya sababu zote, joto, kazi nzito na kukaukiwa na maji ndizo zinazoshukiwa zaidi. Huko wameanzisha taratibu zenye mambo matatu tu, maji, mapumziko na kivuli, nazo hazina kitu kisichowezekana Bungoma.

Maji safi yawepo ndani ya shamba, si kisimani ng'ambo ya barabara, na kila mkata miwa anywe kikombe kila baada ya dakika ishirini hivi, bila ya kungoja kiu, maana kiu huchelewa. Kivuli kiwe cha kuhamishika: turubai juu ya nguzo nne, likifuata mstari unakokwenda. Kazi ianze alfajiri na kusita jua linapokuwa utosini. Mgeni, au aliyerudi kutoka likizo au ugonjwa, asipewe kipande kizima siku ya kwanza. Mwili huchukua siku kadhaa, hata wiki nzima au zaidi, kulizoea joto. Na mtu akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuwa mkavu wa jasho ilhali ngozi yake ina moto, asiambiwe amelewa: apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na gari litafutwe mara moja. Mkata miwa anayelipwa kwa uzito wa miwa hatapumzika hata ukimtengenezea kivuli cha mwembe, kwa sababu kila dakika ya kukaa ni senti zinazompotea. Kwa hiyo anayeyataka mapumziko kwa dhati na ayalipie, kidogo, kwa hesabu inayojulikana.

Upande wa Malakisi, kunakolimwa tumbaku, kuna maradhi ambayo wengi huyaita malaria au njaa: mvunaji hutapika na kushikwa na kizunguzungu saa chache baada ya kushika majani yaliyolowa umande, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi pamoja na maji yale. Umande ukiachwa ukauke kwanza, na nguo zilizolowa zikabadilishwa papo hapo, jambo hili hupungua sana. Na kwenye viwanda vidogo vya sukari nguru, ambako miwa hulishwa kwa mkono baina ya magurudumu ya chuma, mlishaji na asimame nyuma ya bakuli refu la kupitishia muwa, refu kuliko mkono wake. Na masufuria yanayochemka yazungushiwe ukuta wa kufika kiunoni.

Hapa nisimame kidogo juu ya glavu, buti na barakoa, ambavyo kwa watu wengi ndivyo maana nzima ya usalama kazini. Ni vitu vya lazima mahali pengi, na sheria ya Kenya imemkataza mwajiri kumkata mtu ujira kwa ajili ya vitu anavyopaswa kumpa kwa usalama wake. Lakini ni kinga ya mwisho, ya kuziba pengo lililobaki baada ya kazi kutengenezwa. Glavu mbele ya magurudumu yanayozunguka ni mtego, maana hushikwa kabla ya ngozi. Kitambaa cha pua hakizuii mvuke wa dawa ya kupulizia. Buti la saba alilopewa mama wa mguu wa tano humwangusha. Nimeona pia bohari ambamo glavu mpya zimefungiwa kabatini ili mkaguzi akija aonyeshwe, na sina la kusema juu ya hilo.

Juu ya kelele nitasema machache. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zimeweka desibeli 90 kwa saa nane kuwa ukomo. Asiye na chombo cha kupimia na asimame hatua moja na mwenziwe karibu na kinu cha posho, na wakilazimika kupaza sauti ili wasikizane, masikio ya msagaji yamo hatarini. Injini ikihamishiwa nje ya ukuta, nusu ya kazi imekwisha.

Nafsi nayo huumizwa na kazi, na ukanda huu wa miwa unazijua habari za ujira unaocheleweshwa miezi kadhaa. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, karo na mkopo wa simu haachi mashaka yake langoni; huenda nayo kwenye panga na kwenye mashine. Mwajiri asiye na fedha leo na aseme ukweli leo, ataje siku atakayolipa na kiasi atakachoanza nacho, na akiweke kwa maandishi, kwa kuwa kutojua humtesa mtu kuliko kusubiri. Na tusisahau mlinzi wetu wa langoni: zamu ya saa 12, siku saba kwa juma, ni saa 84, ilhali Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka. Humpa pia, akiwa ametimiza miezi miwili kazini na ana cheti cha daktari, siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara.

Kadhalika wako wanawake wanaofika langoni alfajiri bila ya kujua kama watachaguliwa, na anayechagua ni nyapara mmoja kwa kidole chake. Madaraka ya namna hiyo huzaa maombi yasiyosemeka mbele ya watu. Sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa za kuzuia udhalilishaji wa kijinsia. Lakini hata mwenye vibarua wanane anaweza kumpa karani kazi ya kuandika orodha jioni, kwa zamu, ikabandikwa ukutani, na kidole cha nyapara kikakosa kazi.

Ikiwa ajali imetokea licha ya hadhari zote, basi iandikwe, siku ile ile: saa, mahali, mashine, majina ya walioona. Mfanyakazi amwarifu mwajiri bila ya kukawia, kwani chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 mwajiri naye hupaswa kumwarifu Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Kifo, kwa sheria ya usalama na afya kazini, huarifiwa ndani ya saa 24. Dai la fidia liwe limewasilishwa kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Aliyelemaa kabisa asiweze tena kazi yoyote, fidia yake huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, na wengi hukosa haki hiyo kwa sababu waliridhika na noti chache alizopewa ndugu yao kitandani, wakatia sahihi karatasi wasiyoisoma. Msitie sahihi hospitalini.

Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi hulazimishwa na sheria ya usalama na afya ya mwaka 2007 kuwa na kamati ambayo wafanyakazi wenyewe wamo. Aliye na wachache kuliko hapo na awakalishe chini ya mti wiki moja kabla ya mavuno, amwulize kila mmoja, akianza na mdogo wao na kumweka nyapara mwisho, ni kazi gani anayoiogopa na kwa nini. Siku ya kwanza watanyamaza au watasema kila kitu ni sawa, kwa adabu na kwa hofu ya kukosa kibarua. Achague basi jambo dogo moja ambalo mtu amelitaja kwa nusu sauti, kama ubao unaoyumba au pipa la maji lililo mbali, alitengeneze kabla ya Ijumaa mbele ya macho yao, kisha aulize tena. Na yule aliyelitaja jambo hilo, sheria imekataza asifukuzwe kwa ajili yake; orodha ya wiki inayofuata ikibandikwa, wenziwe watalitafuta jina lake kwanza.